Maswali ya Uani: LUKU moja vyumba saba, choo kilichotitia na deni la kila jioni

Barua za safari hii zimetoka Mbeya, Iringa na Makambako. Wengi walioandika ni wapangaji wa chumba kimoja au viwili, wachache ni wenye nyumba. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 385,279 katika Jiji la Mbeya, na ya 2022 ikahesabu 541,603. Viwanja vilivyopimwa havikukua kwa mwendo huo, na ndiyo maana Ilemi, Isanga, Iyela, Mabatini na Sinde nyumba zimebanana hadi mlango wa mmoja unafungukia dirisha la mwingine. Tumeanza na barua ya umeme wa LUKU, yaani mita ya kulipia kabla, kwa sababu ndiyo iliyotuumiza zaidi tulipopiga hesabu.

Tuko vyumba saba, LUKU moja. Kila chumba kinatoa 9,000 kwa mwezi na bado umeme unakata tarehe 20. Wenye hita na friji wanatoa sawa na sisi wenye taa mbili na simu. Mama mwenye nyumba anasema tuelewane wenyewe. Tufanyeje?
*Mpangaji, Iyela, Mbeya*

Dada, hapo kuna matatizo mawili yaliyofungwa kwenye kamba moja: namna mnavyogawana, na bei mnayonunulia. La bei ndilo kubwa na ndilo watu hawalioni.

Mteja wa nyumbani anayetumia umeme kidogo huwekwa kundi la D1. Kundi hilo hulipa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi. Ukiongeza VAT asilimia 18, tozo ya REA (wakala wa umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) asilimia 1, uniti inafika 122. Zikipita 75, kila uniti ya ziada inapigwa 350 kabla ya kodi. Mita inayozidi 75 mwezi baada ya mwezi huhamishiwa kundi la T1, ambako uniti ni 292, na kwa kodi zote ni 356. Ndiyo ile elfu kumi inayoleta uniti 28 tu. Nyumba ya vyumba saba kwenye mita moja haiwezi kubaki D1 hata mkizima taa saa mbili usiku.

Mnachanga 63,000. Ondoa kodi ya jengo 1,500 inayokatwa kwenye LUKU kila mwezi, mnabaki na 61,500, ambazo kwa bei ya T1 ni uniti 172 hivi, yaani kama 25 kwa kila chumba. Uniti hizo 25 kwenye mita yako mwenyewe ya D1 zingekugharimu 3,050. Unalipa mara tatu ya bei hiyo kwa sababu tu mita ni ya pamoja, na kosa hilo halijafanywa na mpangaji yeyote.

Sasa mgawanyo. Chumba chenye taa mbili za wati 7 zinazowaka kwa muda wa saa tano kila usiku, pamoja na simu mbili za kuchaji, kinatumia uniti 3 kwa mwezi. Kwa bei ya T1 ni kama shilingi 1,070. Jirani yako anayechemshia maji ya kuoga kwa hita ana hesabu nyingine kabisa. Maji ya Mbeya asubuhi ya Juni ni baridi kweli, na kupandisha ndoo ya lita 20 kwa nyuzijoto 30 kunakula karibu uniti 0.7, hita iwe ndogo au kubwa. Kubwa inawahi tu kumaliza. Ndoo mbili kwa siku ni uniti 42 kwa mwezi, kama shilingi 15,000. Friji ndogo hula karibu uniti moja kwa siku. Pasi ya wati 1,000 kwa nusu saa kila siku ni uniti 15 kwa mwezi. Kwa hiyo wewe unamlipia jirani maji ya kuoga, na huenda hata yeye hajui.

Dawa ya kweli ni kila chumba, au kila vyumba viwili, kuwa na mita yake ya LUKU. Mjini, kuunganishiwa njia moja ndani ya mita 30 bila nguzo ni shilingi 320,960. Mwombaji awe mwenye nyumba au mpangaji mwenye kibali chake cha maandishi, na nyaya za vyumba hivyo ziwe zimetenganishwa na fundi mwenye leseni. Kwa matumizi ya uniti 25, unaokoa karibu 5,900 kila mwezi. Gharama inarudi baada ya miaka minne na nusu, na huo ni muda mrefu kwa mpangaji. Ndiyo maana tunasema jambo hili ni la mwenye nyumba, au la makubaliano ya kukatwa kwenye kodi ya pango, tena yaandikwe na yasainiwe kabla fundi hajapanda darini.

Kama hilo haliwezekani mwaka huu, fungeni mita ndogo za kusomea, moja kwa kila chumba, zikae pamoja karibu na swichi kubwa mahali ambapo kila mtu anaona. Kila Jumapili jioni watu wawili wasome namba na kuziandika kwenye daftari. Mkinunua umeme, gawanyeni pesa mliyotoa kwa uniti mlizopata ndipo mzidishe kwa uniti za kila chumba. Taa ya uani na ya chooni igawanywe sawa. Mahali panapoharibika ni fundi anapounga chumba cha saba kwa waya wa taa wa milimita 1.5 na kukipachika soketi. Soketi zinataka milimita 2.5, na waya mkuu wa kuingilia nyumba ya vyumba saba usipungue milimita 10. Maungio ya selotepu darini hupata moto polepole, na moto wa nyumba za namna hii huanzia hapo.

Kuhusu kodi ya jengo: ni deni la mwenye nyumba. Mpangaji anayekatwa kwenye LUKU ana haki ya kuipunguza kwenye pango, kwa hiyo tunza ujumbe wa simu wa kila ununuzi. Mkifunga mita nyingi kwenye nyumba moja, mwenye nyumba apeleke namba za mita zote kwenye ofisi inayohusika na kodi ya majengo ili kodi ibaki kwenye mita moja. Asipofanya hivyo, nyumba moja itatozwa mara saba.

Kamwene. Baridi ya Juni tunalala na jiko la mkaa ndani mpaka asubuhi. Moshi ukiisha si salama?
*Msomaji, Makambako*

Kamwene. Hapana, si salama kabisa, na hasa moshi ukiisha. Makaa mekundu yasiyo na moshi hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi. Inashikamana na damu mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni, na chumba cha futi kumi kwa kumi kilichozibwa matundu kwa matambara kinajaa haraka. Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kulegea. Aliyelala hazisikii. Mkiamka wawili au watatu na kichwa kinachofanana, tokeni nje wote, acheni mlango wazi, na aliyelegea apelekwe hospitali hata akisema amepata nafuu.

Pasha chumba kwa jiko kabla ya kulala, mlango ukiwa wazi kidogo, kisha litoe nje lote, majivu na makaa. Kitandani weka maji ya moto kwenye chupa iliyofungwa vizuri na kuviringishwa kwa kitambaa. Yasiwe yanayochemka, maana chupa ya plastiki ya maji ya kunywa hulegea na kumwaga. Weka pia maboksi yaliyokunjuliwa chini ya godoro, kwa kuwa baridi nyingi inapanda kutoka sakafuni.

Choo chetu kilititia Machi, ukuta ukaenda nacho. Ni cha tatu tangu tujenge. Nina wapangaji, jumla tuko watu 20. Tuko kwenye mteremko na udongo wetu ni mwepesi. Nichimbeje kisianguke tena?
*Mama mwenye nyumba, Isanga, Mbeya*

Mama, pole sana. Kwanza shimo lililotitia: lizungushie miti, mtu yeyote asishuke humo kuokoa matofali. Gesi ya shimoni inamwangusha mtu kabla hajaita, na anayemfuata kumwokoa huanguka naye. Mwaga chokaa, jaza udongo kidogo kidogo na uache kichuguu cha sentimita 30 juu ya usawa, kwa sababu utaendelea kushuka kwa miezi.

Udongo wa volkano ulio mwepesi husimama vizuri ukiwa mkavu, na hilo ndilo linalodanganya mafundi wanaochimba Septemba. Mvua za Machi zikija, maji ya mteremko na ya bati yanazama kando ya shimo, udongo unakuwa mzito, unaachia. Shimo la mraba lina kuta bapa, kwa hiyo udongo unasukuma katikati ya ukuta na hakuna kinachoujibu. Shimo la mviringo husukumwa kutoka kila upande na matofali yake yanabanana yenyewe. Ongeza maji ya bafuni yanayoelekezwa chooni na umepata sababu zote za vyoo vitatu kuanguka.

Chagua mahali palipo mita 3 au zaidi kutoka ukuta wa nyumba, na mita 30 kutoka kisima chochote, chako au cha jirani. Kama kisima kiko chini ya mteremko, ongeza umbali. Chimba mduara ambao matofali yakishajengwa utabaki na upana wa mita 1.2 ndani, kina mita 3. Kitako cha shimo kibaki angalau mita 1.5 juu ya usawa wa maji ya ardhini wakati wa masika; ukikuta unyevu unaochuruzika, simama hapo na uinue choo juu ya ardhi kwa kujenga badala ya kuendelea kuchimba. Iringa, ambako wengi hukutana na mwamba kwenye mita moja na nusu, kuinua ndiyo njia pekee.

Kwa matofali ya kuchoma ya sentimita 22 kwa 11 kwa 7, mstari mmoja unakula kama 18 na mistari ni 37 hivi. Nunua 700, yatakayovunjika yamo humo. Chini panga matofali kwa kuacha nafasi ndogo za wima ili maji yanyonywe na ardhi. Mita moja ya juu jenga kwa saruji bila upenyo, maana hapo ndipo maji ya mvua huingilia. Nyuma ya ukuta jaza changarawe, wala usirudishe udongo ule ule mwepesi.

Bamba la juu liwe na kipenyo cha mita 1.5 na unene wa sentimita 7.5. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 unatosha kwa uwiano wa 1:2:4, yaani debe tatu na nusu za mchanga na debe saba za kokoto. Nondo za milimita 8 zipishane kila sentimita 15. Likishamwagwa, lifunike kwa magunia na ulimwagie maji asubuhi na jioni kwa siku saba. Fundi anayekwambia kesho yake linakanyagwa anakupa bamba litakalopasuka mwaka wa pili. Acha tundu la pili pembeni lenye mfuniko, la upana wa sentimita 40, kwa ajili ya bomba la kunyonyea, ili siku ya siku usivunje sakafu. Inua bamba sentimita 30 juu ya ardhi, na upande wa juu wa mteremko chimba mfereji wa kukinga maji unaoyazungusha mbali.

Watu 20 watalijaza shimo lini? Kila mtu huacha kama lita 60 za tope zito kwa mwaka, kwa hiyo wote pamoja ni lita 1,200. Shimo lako, ukiacha nusu mita ya juu, lina nafasi ya lita 2,800. Ni miaka miwili na miezi kadhaa, kama hamtupi takataka. Pampasi, taulo za kike na vitambaa hupunguza muda huo hadi nusu, na ndivyo vinavyoziba bomba la gari. Weka ndoo yenye mfuniko chooni, itamwagwa pamoja na taka nyingine. Mafuta ya taa, chumvi na maji ya betri ambavyo watu humwaga ili tope lishuke havipunguzi chochote, na asidi inakula saruji yako.

Usingoje mvua ukafungulia choo kwenye mfereji. Tunajua inafanyika usiku Mbeya nzima, na tunajua sababu: gari la kunyonya haliwezi kufika. Lakini tope hilo linaishia kwenye mto ambao watu wa chini wanafulia nguo na kunyweshea bustani za mboga, na mboga hizo zinarudi sokoni kwenu. Kabla ya kuita gari, pima njia. Bomba hufika mita 30 hivi, likiunganishwa zaidi. Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, kwa hiyo nguvu ya kunyonya ni ndogo kuliko Dar es Salaam. Gari likisimama juu ya mlima kuliko choo, kila mita ya kupanda inaipunguza zaidi. Lisimame chini ya choo kama kuna njia. Tope likiwa gumu, mwagieni maji ndoo sita hadi kumi siku moja kabla na kulikoroga kwa mti mrefu mkiwa mmesimama nje. Majirani wanne wakiita gari siku moja, nauli yake inagawanyika.

Kuna jambo moja ambalo tofali haliwezi kulitibu. Aprili 2024 tope lilishuka kutoka Mlima Kawetere na kufunika nyumba kata ya Itezi. Ukiona nyufa ndefu ardhini juu ya nyumba, miti iliyoinama pamoja kuelekea chini, au chemchemi mpya yenye maji ya tope baada ya mvua za siku kadhaa, usilale hapo. Toa taarifa kwa mwenyekiti wa mtaa usiku uleule.

Tunanunua maji ndoo shilingi 50 kwa jirani mwenye bomba. Je, ni ghali kuliko kuvuta letu?
*Mpangaji, Mlandege, Iringa*

Uniti moja ya maji ni lita 1,000, sawa na ndoo 50 za lita 20. Kwa shilingi 50 kwa ndoo, uniti imekugharimu 2,500. Kwa shilingi 100 ni 5,000. Chukua bili ya jirani, soma bei ya uniti iliyoandikwa humo, uongeze tozo zilizo chini yake, ulinganishe. Familia ya watu watano inayotumia ndoo 8 kwa siku inamaliza ndoo 240, ambazo ni uniti 4.8 na shilingi 12,000 kwa mwezi. Majirani wanaochanga bomba moja waandikishane mambo mawili: nani jina lake liko kwenye bili, na deni likifika miezi mingapi bomba linafungwa. Kila mwezi fungeni koki zote usiku na mtazame mita kwa nusu saa. Ikiwa inazunguka, kuna bomba linalovuja ardhini, na mnalilipia.

Nauza mboga Mwanjelwa. Nilikopa laki moja, wakakata fomu 5,000 na bima 3,000, nalipa 4,500 kila jioni kwa siku 30. Nimekopa kwingine kumalizia. Wanashika kadi yangu ya benki. Nitokeje?
*Mama wa watoto watatu, Mbeya*

Dada, uliondoka na 92,000 na unarudisha 135,000. Tofauti ni 43,000. Na kwa kuwa unarejesha kila siku, pesa hiyo hukukaa nayo yote: kwa wastani ulikuwa na kama 46,000 mkononi. Umelipa 43,000 ili ukae na 46,000 mwezi mmoja. Hakuna nyanya wala mchicha unaolipa hivyo, na ndiyo maana mtaji umeyeyuka ingawa hujawahi kukosa wateja. Siku ya mvua au ya msiba hukuuza, 4,500 ikatoka kwenye mtaji.

Wakopeshaji wasiopokea amana wanatakiwa kuwa na leseni ya daraja la pili kutoka Benki Kuu ya Tanzania, kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, na Benki Kuu imewawekea kikomo cha riba cha asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa laki moja ni 3,500. Kushika kadi ya benki na namba yako ya siri hakuruhusiwi. Waombe nakala ya mkataba na namba ya leseni. Nenda benki yako ubadilishe kadi na namba ya siri leo hii, ni kazi ya asubuhi moja. Wakija kuvunja mlango au kubeba kitanda bila amri ya mahakama, hilo ni jambo la polisi hata kama ulisaini karatasi. Peleka malalamiko yako Benki Kuu kwa maandishi. Jijini Mbeya wana tawi.

Kutoka ni kwa hesabu. Andika madeni yote kwenye ukurasa mmoja: kiasi ulichopokea, ulicholipa tayari, kilichobaki. Usichukue mkopo wa tatu. Zungumza na mkopeshaji wa kwanza mhamie malipo ya wiki, ya kiasi kisichozidi nusu ya faida yako ya wiki, na mwandikiane. Wengi hukubali wakiona umeuliza leseni. Pesa ya mtaji ikae kwenye kopo lake, asubuhi uende nayo sokoni, jioni uirudishe kamili kabla ya kununua unga.

Kwa mtaji unaofuata, tafuta kikundi cha watu 15 hadi 30 mnaofahamiana. Hisa iwe ndogo, tuseme 2,000, mtu anunue moja hadi tano kila mkutano, akope si zaidi ya mara tatu ya akiba yake. Sanduku liwe na kufuli tatu, wenye funguo watatu tofauti, na mtunza sanduku awe wa nne. Vikundi hufa kwa mambo yanayojulikana: mweka hazina kukaa na fedha nyumbani, kukopesha watu wa nje, na mikopo mikubwa kutolewa Oktaba wakati kikundi kinavunjwa Desemba. Sajilini kupitia afisa maendeleo ya jamii wa kata. Huyo huyo ndiye mlango wa mikopo isiyo na riba ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023, ikarudishwa 2024. Wanataka kikundi kilichosajiliwa, akaunti ya benki ya kikundi na andiko la biashara. Andiko la kununua viazi Uporoto na kuuza Mwanjelwa, lenye bei ya gunia, nauli na faida, lina nguvu kuliko lile la kurasa kumi mlilonakili mahali.

Kamwene. Nilinunua kiwanja 2009 kwa karatasi ya mtaa. Sasa wapimaji wa urasimishaji wamefika. Nyumba iko kama mita 40 kutoka Mto Ruaha Mdogo. Mke wangu wa kwanza alifariki, nimeoa tena. Nilipe au niache?
*Mzee, Kitwiru, Iringa*

Kamwene, Mzee. Anza na mto, maana ndilo linaloamua. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza makazi ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Pima kwa kamba kutoka ukingoni, usikadirie. Kama sehemu ya kiwanja tu ndiyo iko ndani ya mita 60, omba mpimaji akate mpaka pale. Kipande cha juu kinaweza kupata hati. Kama nyumba nzima iko ndani, usilipe kwanza. Ongea na afisa mipango miji wa manispaa, upate jibu kwa maandishi.

Hatua za urasimishaji, yaani kupima na kumilikisha makazi yaliyojengwa bila kupimwa, ni mkutano wa mtaa unaochagua kamati, utambuzi wa kila kipande mbele ya majirani, mchoro wa mipango miji, kuweka bikoni (alama za mpaka), kuidhinishwa kwa ramani, kisha maombi ya hati ya miaka 33, 66 au 99. Kulipia upimaji si kulipia hati. Hati ina ada zake, na kodi ya ardhi huja kila mwaka. Lipa kwa namba ya malipo ya serikali au kwenye akaunti ya mradi iliyotangazwa mkutanoni, kamwe si kwenye simu ya mtu.

Barabara ndizo zinazogombanisha mitaa. Kila mtu anataka njia ila ipite kwa jirani. Kwenye mkutano, shikilia iwepo njia ya kupitisha gari la wagonjwa, la zimamoto na la kunyonya choo, hata kama inakula mita moja ya ua wako. Mchoro ukishaidhinishwa, kurekebisha ni kazi ya miaka.

Kuhusu familia. Kama kiwanja mlikinunua wakati marehemu yuko hai, watoto wake wana sehemu kwenye mirathi, na kuandika hati kwa jina lako peke yako leo ni kuwaachia kesi. Fungua mirathi Mahakama ya Mwanzo kwanza. Vinavyohitajika ni cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha familia. Mama wa sasa anayeishi kwenye nyumba hiyo naye ana ulinzi: Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inazuia kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzi. Jina kwenye hati lifanane herufi kwa herufi na kitambulisho cha NIDA, kwani "Mohamed" na "Mohamedi" ni watu wawili mbele ya msajili.

Mgogoro wa mpaka ukitokea, baraza la kata siku hizi linasuluhisha tu, haliamui. Likishindwa mnakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya na cheti cha kushindwa usuluhishi; siku 30 zikipita bila suluhu, mnaweza kwenda hata bila cheti hicho. Siku bikoni zinapowekwa, waite majirani wote wanne, piga picha ya kila bikoni pamoja na kitu kisichohama nyuma yake, jiwe kubwa au kona ya nyumba, na karatasi yako ya 2009 itoe nakala mbili: moja ikae kwa mtoto mkubwa, nyingine kwa mtu usiyeishi naye.